Kidole cha Mdogo Wake

Shoga, unakumbuka jirani alivyoniuliza, "Hivi watoto nao huugua kisukari?" Huugua, na binti yangu leo ameondolewa kwenye utafiti wa insulini, ule uliokuwa ukimpa dawa bure.

Ameondolewa, shoga!

Daktari kasema, "Kile kipimo chenu cha nyumbani kinaonyesha sukari nzuri kuliko yangu mimi, lakini sukari kwenye damu ya leo iko juu mno. Nani alikuwa anachomwa kidole?"

Binti akajibu, "Mdogo wangu. Nilitaka mama aache kulia kila akiona namba zangu."

Mdogo wake! Na mimi kila asubuhi namshukuru Mungu kwa namba zile.

Nikasema, "Daktari, bila utafiti insulini ya mwanangu tutaipata wapi?"

"Utafiti haupokei namba za uongo, mama. Na figo zake zimeshaanza kudhurika."

Binti akainuka, akatoka.