Vidonge Nilivyoviosha

Jumanne, 14 Januari 1986
Nimenawa mara kumi na tano kabla ya chai. Ya nane nilikosea hesabu, nikaanza upya. Foleni ya mferejini ilikuwa ndefu. Jirani, Mama Otieno, akapaza sauti: "Nyambura! Utaosha mpaka mifupa? Tuachie maji, mama!" Wanawake wakacheka. Niliona aibu. Niliendelea.

Dada yangu Wanja amejifungua msichana kule mtaa wa Umoja. Kwetu watoto hurithi majina ya jamaa kwa zamu; sasa zamu imefika kwangu, basi mtoto anaitwa Nyambura. Desturi inataka niende nimbebe wajina wangu. Sweta nimeshalifuma. Siendi. Mikono hii itamuua. Najua si kweli. Naamini hata hivyo.

Alhamisi, 23 Januari
Zahanati, mara ya tatu. Nilitaka mafuta tu, mikono imepasuka na kutoa damu. Daktari aliuliza nanawa mara ngapi kwa siku. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia. Hakucheka.
"Unajua mikono ni safi?"
"Najua."
"Na bado unanawa?"
Nikalia. Ameandika barua niende kwa daktari wa akili.

Jumatatu, 27 Januari
Mama amekataa. Mtoto wake si mwendawazimu. Akawaita akina mama wa kanisa waniombee. Mikono sita juu ya kichwa changu. Walipoondoka nikaosha nywele mara nne. Mama alikuwa mlangoni, ananitazama. Alikaa kwenye stuli, kisha akatoa barua ya daktari aliyoificha ndani ya Biblia. Keshokutwa twende, akasema.

Jumatano, 29 Januari
Daktari ni mwanamke mnene, mpole. Kumbe ni ugonjwa. Wazo linang'ang'ania kichwani na mtu analazimika kulitii. Si laana. Wengine pia wanao. Dawa itachukua wiki kadhaa. Mdomo utakauka, nitasinzia. Nijifunze pia kuchelewesha kunawa, kidogo kidogo.

Nilimwuliza kuhusu mtoto. Akasema: "Kuogopa kumdhuru si kutaka kumdhuru." Naandika nisisahau.

Alhamisi, 30 Januari
Jana mtoa dawa alihesabu vidonge kwa kidole kitupu, akavifunga kwenye karatasi. Nilikiona kidole. Leo nimeviosha vyote kwa sabuni. Rangi imetoka. Vimeyeyuka. Bakuli limejaa uji wa rangi ya waridi. Nimeumwaga. Mama nimemwambia nimemeza.

Alhamisi, 13 Februari
Mama anamshukuru Mungu kwamba napata nafuu. Sijapata. Nanawa nikijificha. Mimi ni mwongo.

Wanja ametuma habari: ubatizo ni Pasaka. Kanisani atakayembeba mtoto ni mimi. Hataki mwingine.

Jioni nimemwambia Mama ukweli wote. Akauliza: "Umezifua dawa? Kama soksi?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka pia. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatatu, 17 Februari
Tumerudi kwa daktari. Hakugomba. Amesema vidonge vile vimemweleza zaidi ya maswali yake yote. Ametupatia vingine. Mama anachota kimoja kwa kijiko, nafumba macho, nameza. Sikukitema.

Ijumaa, 14 Machi
Mdomo mkavu kama unga. Nalala mchana kama bibi kizee. Wazo lipo bado, ila limeshuka sauti, kama redio ya jirani iliyopunguzwa. Asubuhi nimenawa mara tano. Nilitamani ya sita. Nikamenya viazi mpaka tamaa ikapita. Mama Otieno ameuliza kama ninaumwa, mbona naondoka mferejini mapema.

Jumapili, 30 Machi
Pasaka. Nilinawa mara moja, kabla ya kutoka. Kanisani Wanja aliniwekea mtoto mikononi bila kuuliza. Ni mzito. Anatoa harufu ya maziwa. Wazo likaja. Nikaliacha lije. Mchungaji alipomwaga maji, wajina wangu alilia, akashika kidole changu, akakitia mdomoni. Hakufa. Alinyamaza.

Sweta limekuwa dogo, halipiti kichwani. Kesho nitaanza jingine, kubwa zaidi.