Panda Kitakachoondoka Kwanza

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Kigera wengine hatujambo, ila bibi yako hajainuka kitandani tangu Jumapili, na jana alikataa hata uji.

Unauliza njia ipi ni bora kutoka Dar: treni ya mwendokasi hadi Dodoma kisha basi, ndege ya Mwanza, au uendeshe gari mwenyewe. Nikiwa kijana Mwanza, mama yangu aliugua Butiama. Basi la asubuhi niliona litachelewa, nikasubiri gari dogo la rafiki, lenye mbio. Likaharibika Bunda. Nilipofika jioni, dada aliniambia, "Alikuwaga anakuulizia mpaka mchana."

Kuendesha peke yako kunanitia hofu, usithubutu. Treni na ndege sizijui, mjukuu wangu. Panda kitakachoondoka kwanza.

Babu yako