Baba Yetu Kimeu na Miti ya Rangi Nyeupe

Mwaka umeisha, Baba, na bado hatujui tuanzie wapi. Uliondoka Oktoba, vumbi likiwa limetanda kila mahali, ulipolala mchana baada ya chakula ukakosa kuamka. Tangu hapo mvua imenyesha, ndengu zimevunwa, binti yako Katunge amejifungua, na yote haya tumeyafanya kama watu waliotumwa tu.

Tunataka kukupa habari za Mama, maana ungekuwepo ungeanza kwa kumuuliza yeye.

Mama Kathini hakulia. Hakulia kanisani, hakulia kaburini, na wanawake wa ushirika waliokuja kumshika mikono walirudi wakinong'onezana kwamba ana moyo mgumu. Mkeo unamjua, hana moyo mgumu hata kidogo. Kuna kitu kilizimika ndani yake, akabaki anafanya kazi. Ukimuuliza chumvi iko wapi anakuangalia kwanza, kisha anajibu polepole kama aliyeamshwa. Anakamua mbuzi, anateka maji, anaenda ibada, anarudi. Akiulizwa anaendeleaje, anasema salama, na watu wameacha kumuuliza.

Wewe nawe, tuseme ukweli, ulikuwa mtu wa kuchosha. Kusalimia ulikuwa hujui. Watu wengine huuliza watoto hawajambo, wewe unauliza kama matuta yameshika maji. Mchungaji aliwahi kulalamika kwamba mawingu yakikusanyika hubaki kwenye mahubiri, unatoka na kofia yako kwenda kuzibua mtaro. Mama alikuwa akikuambia iko siku utauoa huo mtaro. Ulikuwa unacheka, halafu unaenda.

Na ulikuwa mwema, wema wa kimyakimya. Matawi uliyopogoa hukuyauza. Uliyafunga mafungu ukayaacha mlangoni kwa yule mjane wa ng'ambo ya korongo, na ukamjengea jiko la udongo linalokula vijiti vichache, ili mzigo mmoja umsukume wiki nzima. Hata leo akilitaja jina lako anafuta macho kwa leso.

Lile shamba la juu, kila mtu wa upande huu wa Tawa alilijua likiwa jekundu, udongo mtupu. Lilikatwa makaa hadi vikabaki visiki. Hukununua miche. Ulisema visiki viko hai, ni mtu tu vimekosa. Kisiki kikitoa machipukizi mengi ulichagua yaliyonyooka, ukakata mengine, na mwaka uliofuata ukarudia, mpaka visiki vya muuku vikawa miti tena na nyasi zikarudi chini yake. Ukawaita majirani mkafanya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mtu na panga lake na mwenye shamba akipika.

Watu wa mradi wa kaboni walipofika walikuta mmeshaanza. Walieleza kwamba mti unaokua humeza hewa chafu na kuifungia ndani ya mbao, na kwamba kuna watu wa mbali wanaolipa ili isitoke. Ukawaambia sawa, lakini wenye kuamua juu ya miti hii ni sisi tulioikuza. Wakazungushia rangi nyeupe ile miti ya kupimwa, usawa wa kifua, ili kila mwaka tepu irudi palepale. Rangi hiyo uliipenda, Baba. Ulikuwa unawapeleka wageni kuiona kabla hawajaonyeshwa pa kukaa.

Sasa kuna jambo ambalo hatukukuambia siku ya mazishi.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, kutoka Malili, kutoka Kiboko, na ukoo wa Kitui wakajaza basi. Mapishi tulimwachia mdogo wako Kisilu. Jiko letu la udongo halibebi sufuria ya matanga, kwa hiyo mawe matatu yakarudi uani, na mawe matatu yana njaa. Kuni ziliisha kabla ya jua kupanda. Vijana wa kilima cha pili wakaja na mashoka, kama watu wanavyofanya kwenye msiba, wakauliza wakate wapi. Kisilu, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye jeneza, akakumbuka jinsi barabara ilivyopanuliwa, miti iliyopigwa rangi ikawa ndiyo ya kukatwa. Akadhani nawe uliipaka kwa sababu hiyo. Akawaambia wachukue ile yenye rangi.

Waliikata kwa bidii na kwa heshima. Hakuna aliyebaki nyuma, hakuna aliyelalamika, na muthokoi wa kukuzika, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliiva kwa miti yako. Mama aliuona mduara mweupe kwenye gogo lililokuwa linaungua. Akalisukuma ndani zaidi ya moto, akaendelea kugawa sahani.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kule juu. Visiki vikachipua ovyo, kila kimoja kichaka, kwa kuwa hakuna wa kuchagua. Na kisiki kisichochaguliwa, wewe ndiwe uliyetufundisha, hakiwi mti kamwe, kinabaki kuwa cha mbuzi. Mwaka mwingine hivyo, na kazi yako yote ingekuwa imeisha pamoja nawe. Tulilijua hilo, tukangoja Mama aseme neno.

Kisilu naye akawa anazunguka njia ndefu ya mtoni ili asipite pale. Mwishowe akaja nyumbani, akaketi, akamwomba Mama visiki ving'olewe, mahali pale papandwe ndengu. Alisema ndengu siku hizi zina soko. Hatukumwamini, maana alisema hayo akitazama viatu vyake. Mama aliendelea kumenya viazi. Kisilu akachukua kimya kile kuwa ndiyo, akaita mwethya.

Walifika wiki iliyopita asubuhi, wote uliofanya nao kazi, na majembe na mitaimbo, nyuso zikiwa za matanga tena. Kabla hawajapanda kilima, msichana wa mradi aitwaye Wamucii akaingia uani na tepu yake. Ni mgeni, katoka Murang'a, ameajiriwa juzijuzi na hakuna aliyekuwa amemweleza. Akamkuta Mama ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Akamsalimia vizuri, akamuuliza, "Mama, mzee wa hii shamba ako?"

Watu wote walitazama chini. Mama akauweka uteo kando.

"Mzee alikufa," akasema. "Hii shamba ni yangu."

Baba, mwaka mzima hakuwahi kulitamka neno hilo. Alikuwa akisema hayuko, kama vile umeenda sokoni. Aliingia ndani akatoka na panga lako, akaanza kupanda kilima, na mwethya mzima ukamfuata na majembe yake begani bila kujua unaenda kung'oa au kufanya nini.

Kule juu Kisilu ndiye aliyesema. "Shemeji, kila nikipita hapa naona nilichofanya. Acha niving'oe."

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye kisiki cha kwanza, akitenganisha machipukizi kwa vidole.

"Watu walikuja kumzika, wakala," akasema. "Zilikuwa kuni zake, Kisilu. Unafikiri angewanyima?"

Kisilu akaweka mtaimbo chini. Alifuta pua kwa mkono wa shati, mtu mzima na mvi zake, kisha akaenda kuazima panga kwa jirani.

Walichagua machipukizi hadi jioni. Kile kisiki cha kwanza Mama alikikosea, akaacha chipukizi lililopinda, na hakuna aliyemsahihisha. Wamucii naye alizunguka na tepu yake, akasema bado ni membamba mno, hayawezi kupimwa, yanahitaji miaka. Mama akamwambia miaka anayo.

Alirudi nyumbani, akanawa mikono, akabandika uji. Ndipo alipolia. Aliketi chini pale jikoni akakulilia kwa jina, Kimeu, Kimeu, jina ambalo hatukuwahi kumsikia akikuita mbele yetu. Alilia mpaka uji ukaungua na moshi ukajaa nyumba, na hakuna aliyemnyamazisha.

Tunaokukumbuka ni mkeo Kathini, watoto wako Katunge na Mwau, ndugu yako Kisilu, mjukuu wako ambaye hukumwona, na mwethya wote wa Tawa.

Tutakukumbuka, Baba, kwa muda wote tutakaokuwepo.