Fundi Sindano Hana Kosa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima huko gerezani, na kile kikohozi ulichokilalamikia kiwe kimekuacha. Sweta na sabuni nilimkabidhi askari wa mapokezi. Kama havijakufikia, niambie nimfuate. Sisi hatujambo, ila Mama goti linamsumbua, ngazi anazipanda kwa kukaa. Mwanao ameota meno mawili na anamng'ata kila ambebaye.

Mimi nilifaulu mtihani, na kituo cha utafiti wa bahari kimeniajiri. Ulizoea kunitania kwamba nimesoma miaka mitatu ili nihesabu mawe. Kweli nahesabu. Tunazama wawili wawili, tunatandika utepe wa mita hamsini chini, tunaandika kwenye kibao cha plastiki: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, kifusi. Kwenye mwamba wa kaskazini kibao changu kilijaa neno moja tu, kifusi.

Mwenzangu wa kuzamia tunamwita Kasuku, kwa vile nje ya maji alikuwa hafungi mdomo. Mwaka jana, siku tuliyokuwa tunaupima mwamba huo, baruti ililipuka si mbali na tulipokuwa. Kaka, chini ya maji mlipuko huusikii kwa masikio. Unaupata kifuani, kama teke la punda. Samaki wakaanza kushuka taratibu mbele ya miwani yangu, wengi kuliko walioelea juu, migongo imevunjika. Kasuku alikuwa ameshika kichwa, damu ikimtoka masikioni. Nikampandisha. Boti yetu ilikuwa imetia nanga nyuma ya mwamba, hukuiona. Lakini mimi nilikuona. Ulikuwa unaokota samaki kwa kimia huku unapiga mluzi, kwenye mashua ile ile niliyoipaka rangi kwa mikono yangu.

Jioni ile uliniwekea samaki mkubwa kuliko wote, ukasema mtafiti wetu ale ashibe. Nilikusihi uache baruti. Ukacheka, ukanijibu, "Bahari haina mwisho, mdogo wangu. Wewe hesabu mawe yako." Habari za Kasuku sikukuambia. Nilimla samaki wako nikammaliza.

Wiki mbili baadaye ukakamatwa. Mtaa mzima ukasema aliyekuchongea ni Sindano, fundi wa nyavu, kwa sababu mliwahi kugombana. Wakamvunjia madirisha kwa mawe, wateja wakamkimbia, hata mkewe akarudi kwao. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu, natazama. Na katika barua yako ya mwisho umeapa kwamba ukitoka utamalizana naye.

Kaka, usimguse. Sindano hajui lolote. Aliyekwenda ofisi ya doria ni mimi. Niliwatajia jina lako, mashua yako na siku unazotoka. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya matumbawe, lakini nitakuwa naongeza uongo. Siku ile nilikuwa nimetoka hospitali. Daktari alikuwa amesema Kasuku hatasikia tena, naye akawa ananitazama midomo ili ajue nasema nini. Nikataka nawe uumie. Kisha, ulipoumia, nikaogopa, nikamwacha mzee wa watu abebe mzigo wangu.

Juzi nilimwendea Sindano nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mbona umengoja mpaka nimebaki peke yangu?" Jana nikamwambia Mama. Tangu hapo hajanisemesha, hata nikimwamkia haitikii. Wifi anakusalimu sana. Yeye bado hajui. Nitamwambia leo, nikitoka posta.

Jumamosi ya kutembelea wafungwa nitakuja. Usipotaka kutoka kuniona, nitakaa kwenye benchi mpaka wafunge geti, na mwezi unaofuata nitakuja tena.

Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfundisha kuogelea.