Mistari ya Nuru Mezani kwa Ambakisye

Mbeya, Jumamosi mchana

Mke wangu Mama Neema,

Amani ya Bwana ikae nawe huko Iringa. Nimefika salama, ingawa ukungu wa hapa haujaondoka tangu alfajiri.

Leo nilialikwa chakula kwa Ambakisye, yule mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi huchunguza nyota. Maji ya kunawa yalianzia kwake, hali mimi ndimi mgeni na ndimi mkubwa. Wazee wa kanisa walioalikwa pamoja nami walikuwa wameinamia picha aliyotumiwa Ambakisye kutoka ng'ambo: nuru ya kiini cha kundi la nyota lililo mbali mno, iliyopitishwa katika kioo ikatawanyika kuwa mistari.

"Mstari huu ni mpana," akasema Ambakisye, "kwa kuwa gesi ya huko yaenda kasi ajabu, nyingine yatujia, nyingine yatukimbia."

Wivu ukanishika. Nikamwuliza mbele ya wote, "Na kama kioo kilikuwa kichafu tu?"

"Basi mistari yote ingepanuka, Mwalimu wangu. Tazama huu, mwembamba kama uzi."

Mzee mmoja akaangua kicheko: "Leo mwalimu kapewa somo!"

Nami ndimi niliyemshika kidole juu ya herufi zake za kwanza! Wali wa Usangu ulinukia vizuri, lakini niliisukuma sahani kando.

Kesho nilipangiwa kuhubiri juu ya uumbaji. Nimemwachia yeye mimbari, maana anajua nisilolijua. Niombee, mpenzi wangu, nimsikilize bila kutamani akwame.

Mungu akutunze pamoja na wajukuu.

Mumeo,
Baba Neema