Unga wa Mjane wa Machimboni

Mdogo wangu Seif,

Salamu kutoka Chemba. Upepo umenipasua midomo, vumbi limenijaa masikioni, na nimechoka hata kubishana. Jionee hali yangu.

Jana jioni tuliwaonyesha wanawake wa hapa ile filamu ya makala ninayokusihi kila mara uitazame, ya mjane aliyefiwa na mumewe machimboni kule Geita. Wewe husema filamu hizo huwaliza watu, kisha wanakwenda kulala. Nilikuwa nimeanza kukuamini.

Leo asubuhi wamenijia watatu na kiroba cha unga wa mtama.

“Tumeuona msiba,” akasema mkubwa wao. “Kwetu hatuhani mikono mitupu.”

Nikawaeleza kwa ukali kwamba filamu ni ya zamani, na Geita ni mbali.

“Mama, jana ulihubiri mpaka sauti ikakauka. Kwake unapajua?”

“Napajua.”

“Basi beba. Tungepajua sisi, saa hizi tungekuwa njiani.”

Wenzake wakacheka. Mimi, niliyezoea kuwanyamazisha watu, nikakipokea kiroba.

Kwa hiyo sirudi Jumamosi. Nakwenda Geita na mgongo unaouma, na ninachoogopa ni kukuta mama yule ameshahama, unga wa watu ukabaki mikononi mwangu.

Wabusu wanao, na ule vizuri, ulikuwa umekonda. Filamu uitazame, ndugu yangu. Ukimaliza usiniambie imekuliza. Niambie nimpelekee nini kwa niaba yako.

Dada yako akupendaye