Samli ya Kopo

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa ndugu yangu mpenzi Yeslam,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mkeo Jana, na kwamba joto la huko limeanza kuwahurumia. Sisi huku tupo. Paa limeacha kuvuja baada ya mimi kugombana na fundi, na majirani bado wanakuulizia. Mimi ni mzima, na ulimi wangu ndio ule ule unaoujua. Haujapata ugonjwa wa kuupunguza.

Utashangaa kupokea karatasi zama hizi. Nimempa Abdulbasit, huyo huyo anayetuletea vifurushi vyako, kwa sababu simu zako zote hupokewa mbele ya Mama, na kwa sababu kila nikianza kukwambia jambo zito, mtandao wa huko kwenu huharibika ghafla. Karatasi haina mtandao. Isome hadi mwisho.

Mwezi uliopita tulikwambia Mama ana homa. Haikuwa homa. Alikuwa jikoni akichagua mchele, akashika kifua, sinia ikamponyoka, akakaa chini juu ya mchele wenyewe akiwa na jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Tulimtia kwenye tuktuk tukapita Makadara mbio, naye njiani akinilaumu kwamba nimemtoa nje bila buibui lake zuri. Hospitali tulimkuta Daktari Kyalo, kijana mpole wa Kitui, akatwambia mshipa mmoja wa moyo umeziba karibu wote na wa pili uko njiani. Hakunificha. Alisema shambulio likimpata tena kama lile, huenda asilivuke.

Kisha akamuuliza Mama chakula chake ni kipi. Mama alijibu kwa fahari, na mirija mkononi, kwamba yeye si mtu wa vibanzi vya barabarani. Kila asubuhi hunywa kijiko cha samli iliyopashwa moto, kwa ajili ya mifupa, kama walivyokunywa mama zake na kama alivyonyweshwa arubaini zake zote alipotuzaa. Na samli hiyo hainunuliwi Mombasa, akasema. Mwanawe humtumia kutoka ng'ambo. Daktari akaomba alione hilo kopo, nikalifuata nyumbani.

Unalijua kopo lenyewe. Mbele kuna ng'ombe mnene kwenye majani mabichi, na jina la samli kwa herufi za dhahabu. Daktari akaligeuza nyuma, akanionyesha maandishi madogo ya kuumiza macho. Ndugu yangu, ng'ombe huyo hajakamuliwa hata tone likaingia humo. Ni mafuta ya mimea yaliyopitishwa hidrojeni kiwandani, nusu nusu, hadi yakaganda, ili yakae dukani muda mrefu bila kuharibika. Mafuta ya namna hiyo huzidisha lehemu mbaya, hiyo waiitayo kolesteroli, katika damu na kuipunguza ile nzuri, na kazi yake kubwa huifanya kwenye mishipa ya moyo. Hata samli ya kweli, daktari alisema, kwa moyo kama wa Mama ni ya kuonja tu, sembuse hii. Basi tumechukua ada ya wazee wetu, tukaitimiza kila asubuhi kwa bismillahi, kwa kitu ambacho wazee wetu hawakupata kukiona.

Nimeandika magazetini kuhusu moshi wa jaa la Kibarani, kuhusu maji ya mifereji, kuhusu viongozi wasiojua aibu. Sijapata kuwaka kama siku ile. Mtu akikuuzia mchele wenye mawe, unamwita mwizi. Akikuuzia uchafu wa kiwandani chini ya picha ya ng'ombe, anaitwa mwekezaji na hukatiwa utepe.

Nilirudi nyumbani nikaanza vita. Nilitoa kabatini biskuti za krimu, keki za pakiti, siagi ya mimea, ule unga mweupe wa kutia kwenye chai na tambi za kuchemsha kwa dakika mbili, nikavisoma kimoja kimoja kwa sauti mbele ya Mama kama hakimu asomaye hukumu. Kisha nikaenda dukani kwa Zaki nikaanza na rafu zake. Wateja walisimama kunitazama. Zaki akasema, "Bi Shariffa, ukimaliza kusoma niazime hiyo miwani, na mimi nijue nauza nini." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa shingo upande, lakini jioni yake nilimwona ameinama nje ya duka, pakiti mkononi, anaitafuta mistari midogo.

Nyumbani tulirudi kwenye uto, mafuta ya ufuta aliyopikia nyanya yetu, na huo nao kwa kijiko, si kwa kumimina. Samaki wa kuchoma badala ya kukaanga. Mbaazi zenye tui jepesi. Kwa chai ya alasiri, tende na karanga zilizokaangwa kavu. Mama alinung'unika kwamba namlisha kama kasuku, lakini alikula. Rangi ikamrudi usoni. Akaanza kupanda ngazi bila kusimama katikati. Nilijiona mshindi, Yeslam, na wewe unajua nikijiona mshindi ninavyochosha watu.

Kisha Abdulbasit akaja na kifurushi kipya. Nilikuwa sipo. Nilipouliza kuhusu kopo, Mama alisema amempa jirani yetu Mejumaa akawape watu. Nikaamini. Juzi nilifungua sanduku lake kumtolea kanga za kwendea harusini, nikalikuta kopo limeviringishwa katika shali lake, kijiko kimo ndani, samli imeteremka kupita nusu.

Sikusema naye kama mwana asemavyo na mzazi wake. Nilisema kama nisemavyo barazani. Nilimwambia anajiua. Nilimwambia kujiua ni haramu hata kwa kijiko. Nilimuuliza kama utamu wa mafuta umekuwa mkubwa kuliko wajukuu. Aliniacha hadi pumzi zikaniishia. Halafu akasema kwamba hayana utamu wowote. Tangu aliposomewa yale maandishi, yanamkwama kooni na huyateremshia maji.

Nikamuuliza, basi kwa nini?

Akasema, "Yeslam hupiga simu kuniuliza kopo limefika. Hupiga tena kuniuliza limekwisha. Nikilikataa, atanipigia kuniuliza nini?"

Nikaketi kando yake, kopo mapajani.

Ni kweli. Tangu ofisi ile ilipokupunguza kazini ukaenda kushika kazi ya ghala, simu zako zote ni za kopo. Uliwahi kuniambia mtu wa ng'ambo harudi Mombasa ila na masanduku, na kwamba huwezi kupita mtaa huu na begi moja mkononi. Nilikuelewa, maana hao majirani nawajua. Lakini Mama amehesabu hivi: kopo likiisha upesi, sauti yako inarudi upesi. Kwa hiyo anayanywa, akijua ni kitu gani, ili yaishe.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua ulichokuwa ukimtumia, utaona haya, na mwenye haya hapigi simu kabisa. Nilimwapia kwa Jina la Mungu, na leo nimekivunja kiapo. Kafara nitaitoa, nitalisha masikini, na hawatalishwa mafuta ya kopo.

Sikuandiki kukulaumu. Ulituma kilicho bora kadiri ulivyojua, na waliokudanganya ni hao wa ng'ombe. Ninakutaka jambo moja. Usitume kitu. Hata tende, tunazo. Piga simu. Muulize amelalaje, goti lipi linamsumbua, nani kaolewa na nani kaachwa; hilo la mwisho pekee litakumalizia salio. Na ukiweza kupata ruhusa, njoo. Njoo na begi moja, njoo bila begi. Wa mtaani nitapambana nao mimi, ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Daktari hakutupa muda wa kungojea masanduku yajae.

Mejumaa anakusalimu sana, anasema hajapata kupewa kopo lolote. Zaki anakusalimu, na Abdulbasit atakusalimia mwenyewe atakapokupa hii. Nisalimie Jana, mwambie naye asome nyuma ya kila pakiti. Salamu za Mama hazimo humu, kwa sababu hajui kwamba nakuandikia. Zifuate kwake mwenyewe.

Wasalaam,
dada yako,
Shariffa